Muhuri Wangu na Taji la Hungaria

7 Novemba 1994, Jumatatu

Nimeshindwa uchaguzi. Mimi! Mwenyekiti wa kijiji miaka kumi na mmoja, na wamemchagua Masalu, mfugaji aliyehamia juzi tu kutoka Usukumani. Hata barua hajui kuikunja.

Nimejifungia na kitabu cha historia nilichoazima parokiani mwaka 1991. Hungaria ya kale kulikuwa na bwana mkubwa, Ladislaus Kan. Alimteka mfalme, akachukua taji, akalikalia. Bila taji lile, hakuna mfalme aliyetambuliwa. Wakubwa wote wakamwangukia. Mwanamume huyo! Hapa kwetu taji ni muhuri.

8 Novemba, Jumanne

Makabidhiano. Nimetoa madaftari, viti vitatu na bendera. Muhuri nimesema umepotea. Masalu akanipa shikamoo, akasema hakuna shida, mzee, utapatikana. Bwege! Bila muhuri atauzaje hata ng'ombe mnadani?

Uko kwenye debe la mchele, na chupa yake ya wino wa zambarau. Kwanza nimejigongea barua: ekari mbili za bondeni, kando ya mto Lumemo, ni zangu. Nimeweka sahihi, cheo na tarehe ya leo. Mimi si mtu wa kazi za ovyo ovyo.

10 Novemba, Alhamisi

Wamekuja! Masalu na mzee Nazari, karani wa ofisi ya kijiji. Nikajua kubembelezwa kumeanza. Kumbe wamesikia nimejifungia, wamekuja kunijulia hali. Huruma zao wakae nazo.

Mke wangu Bernadeta, asiyejua lolote, akasema wageni hawaondoki bila kula. Wali ukaja wa zambarau. Chupa ilivuja! Masalu akauliza kwa adabu hii ni mbegu gani. Nikasema ya Malinyi. Nazari akavitazama vidole vyake vilivyoingia wino, akasema mbegu hii aliwahi kuiona ofisini.

Bernadeta ameapa debe zima nitalila peke yangu.

12 Novemba, Jumamosi

Masalu amerudi na muhuri mpya kutoka Ifakara mjini. Wahungaria walipoletewa taji jipya, walilikataa! Watu wangu wamepanga foleni, eti huu unasomeka. Hawana historia watu hawa.

14 Novemba, Jumatatu

Mkutano wa hadhara. Barua zote za mashamba zigongwe upya. Nikawahi mbele kabisa. Masalu akaisoma yangu kwa sauti, mpaka tarehe. Nazari akauliza muhuri uliopotea ulinigongeaje siku ileile uliyopotea. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Ekari zangu wamezipa shule. Muhuri nimeukabidhi mbele ya wote, una punje za mchele. Bernadeta akatazama pembeni. Hilo liliniuma.

15 Novemba, Jumanne

Nimelitafakari kosa langu. Ni tarehe. Basi! Nimeandika barua nyingine ya ekari zilezile, nimeweka mwaka 1989. Asubuhi nimekwenda ofisini kumwomba Masalu aniazime ule muhuri wa zamani, dakika mbili tu.