Mwewe wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi amepata wapenzi wapya: makinda wawili wa mwewe, nje ya dirisha lake, juu ya boksi la kiyoyozi. Asubuhi nzima hakusaini barua hata moja. Kiti cha mkuu wa masjala kiko wazi tangu Januari, na mafaili ya humo nimeyapanga mimi kwa miaka kumi na mmoja. Nikajitolea kumwandikia taarifa ya ndege kila siku. Amekubali! Kinda mkubwa nimempa jina la Mkurugenzi Mdogo. Bosi alicheka mpaka akavua miwani. Kinda mdogo nimemwita Kamusi, kwa heshima ya katibu muhtasi wetu, tunayemwita hivyo kwa kuwa hajawahi kukosea. Heshima yenyewe hakuipokea vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Taabu. Kamusi wa kiotani anampokonya mwenzake kila panya anayeletwa. Leo amemkalia kichwani. Nimeandika kwamba Mkurugenzi Mdogo anaachia wengine chakula kwa ukarimu. Bosi akasema hata yeye ndivyo alivyo. Katibu muhtasi aliisoma taarifa, akasahihisha nukta mbili, akairudisha mezani kwangu. Nukta za yule mama zina kelele.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi amesafiri, taarifa namtumia kwa simu. Kamusi mdogo ameruka mpaka paa la ng'ambo na kurudi. Mkurugenzi Mdogo amekaa tu kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nimeandika kwamba yeye ndiye aliyeruka. Mara tatu. Mke wangu ameuliza itakuwaje bosi akirudi na kuchungulia mwenyewe. Ana roho ya wasiwasi, maskini.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi amerudi, tena na wageni watatu, waje wamwone wajina wake akiruka. Tukajipanga dirishani. Mkurugenzi Mdogo akatutazama, akajisaidia, akafumba macho. Bosi akauliza ana nini. Nikasema ni uchovu wa safari.

Ndipo katibu muhtasi akasema, kwa upole wa muuguzi mwenye sindano: "Huyu hajaruka hata mara moja, mzee. Anayeruka ni yule mwenye jina langu."

Ningefanyaje? Nikachomeka nyama ya chakula changu cha mchana kwenye mpini wa ufagio, nikatoa kichwa nje. Mama mwewe hakujali nia yangu njema. Alinitia kucha za utosi. Nikarudi ndani mbiombio na ufagio wangu, na Mkurugenzi Mdogo akaifuata nyama. Basi si aliruka! Akatua mapajani mwa mgeni mkuu. Bosi alikuwa chini ya meza. Katibu muhtasi alimfunika kinda kwa koti, akamrudisha kiotani, kisha akaniletea pamba na spiriti. Hilo liliuma kuliko kucha.

Jumatano, 12 Machi

Mkuu mpya wa masjala ni katibu muhtasi. Mimi nimehamishiwa ghala la mafaili ya zamani, chini ya jengo. Halina dirisha. Alishuka mwenyewe kunijulisha kuwa Mkurugenzi Mdogo ameruka asubuhi. Mama yake alikaa mbali akiwa na panya mdomoni, akangoja mpaka njaa ikamtoa kiotani. Nilifurahi mno, hata nikaona haya.

Alipoondoka nikasikia mchakacho juu ya kabati. Popo! Kama arobaini hivi. Nasikia naibu mkurugenzi anapenda sana wanyama. Mmoja mnene nimeshampa jina lake.