Mashine ya Povu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Tangi linanuka. Naandika humu kwa sababu mbele za watu nimeshasema halinuki, na mtu mzima harambi matapishi yake. Maji yana rangi ya chai iliyosahauliwa. Matumbawe yamejikunja kama waliotukanwa. Ila samaki wote wanne wazima, na wanene.

Jana alikuja shemeji, kaka wa mke wangu. Daktari wa meno mstaafu. Mimi humwita Koleo. Naye ana tangi la maji ya chumvi, ila lake lina mashine ya povu: inachuja maji, inapandisha povu, na uchafu wa samaki unaishia kwenye kikombe kabla haujaoza. Akainamia tangi langu, akalinusa kama anavyonusa vinywa vya watu, akasema anayo mashine ya pili, kuukuu, atanipa bure. Mbele ya majirani! Nikamwambia bahari haina mashine. Akajibu kwamba bahari haina pia mzee wa kuilisha mara sita kwa siku.

Mzushi. Ni mara tano.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu ametoa hukumu. Harufu isipoisha kufikia Jumamosi, tangi na vilivyomo vinahamia kwa kaka yake. Nikamuuliza, na mimi je, nikinuka nitahamishwa? Akasema hilo bado analifikiria.

Miaka thelathini na moja niliendesha lifti kwenye jengo la ofisi. Watu waliingia, wakakodolea namba macho, wakatoka. Samaki hawa nikitokeza pua tu wanakuja mbio kwenye kioo. Humu ndani hakuna mwingine anayenikimbilia.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kwa muuza samaki. Anasema bila mashine inawezekana kabisa, wengi wanafuga hivyo. Panda mwani kidogo utakaokula uchafu, badilisha maji kila wiki, na lisha mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha kwa dakika mbili. Nilimsikiliza mpaka kwenye mwani, yaliyobaki yakawa porojo.

Nimetia ndoo nzima ya mwani. Halafu nikaongeza chakula, ili na mwani upate riziki.

Alhamisi, 7 Machi
Mwani umeingia kwenye pampu, pampu imeziba. Maji sasa ni supu. Yule samaki wa manjano kaelea ubavu. Nimemzika kwenye chungu cha maua, nikamwambia mke wangu kajificha nyuma ya jiwe. Akasema basi asubiriwe, labda atatoka na maua.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelala na wazo, nimeamka na mpango. Kusafisha langu kwa siku moja siwezi. Kuchafua la Koleo naweza. Tangi lake likinuka, atakuwa na uso gani wa kuchukua langu?

Nikajaza chupa ya chai matope ya chini ya tangi, nikaenda kwake eti kutafuta suluhu. Alipoingia jikoni kunichemshia chai, nikamimina yote. Nikakaa, mikono juu ya magoti, mpole kama bwana harusi.

Robo saa haikupita, mashine ikaanza kunguruma. Povu likapanda, kikombe kikajaa uji mweusi. Maji yakabaki maangavu kama machozi. Koleo akamwita mkewe, akamwita jirani, akapiga picha. Akaniambia hajui uchafu wote ule umetoka wapi, lakini nijionee mwenyewe ulivyotoka. Kisha akauliza mbona chai yake siinywi, au ya kwenye chupa yangu ni tamu zaidi.

Jumamosi, 9 Machi
Wamelichukua. Samaki watatu ndani ya ndoo yenye kifuniko, mke wangu kashika mlango. Nikasema kwa sauti kwamba tangi lenyewe lilikuwa linanichosha. Hakuna aliyenibishia. Lilipokuwa tangi mke wangu ameweka kiti chake, anasema sebule imepata hewa.

Kweli, hewa ni tele. Nimekaa nayo tangu mchana.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda kuwaona. Matumbawe yamefunguka, kwa sababu mimi niliyazoesha shida. Samaki wamekonda. Koleo anawapa chakula mara moja kwa siku, na anasema bila haya.

Waliponiona wakaja mbio kwenye kioo, wote watatu. Na wale wanane wa Koleo nao wakaja. Koleo akasema wanamkimbilia yeyote anayesimama pale, hata fundi wa bomba. Wivu huo.

Kesho anakwenda kupima presha, na mkewe amekubali nikae na samaki. Nimenunua kopo la chakula, lile kubwa. Mashine si ipo, itachota yatakayobaki. Wakishiba watajua baba yao ni nani.