Vidole vya Themanini na Nane

Mtaalamu alimwona mama mmoja akiwa bado ng'ambo ya barabara, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mzigo: kitu kirefu, chembamba, kimefungwa shuka na kubanwa kwapani kwa mapenzi. Kinanda kidogo. Akajilamba midomo. Jina la Mtaalamu, ieleweke, hakupewa na chuo chochote. Alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyepinga kwa maandishi, likamkaa.

Shida yake siku hiyo ilikuwa moja, nayo ilijaza nusu ya duka. Duka lilikuwa la dada yake, mshona nguo, aliyempa kona auzie vinanda vya mitumba. Humo konani lilikaa dubwana la vitufe themanini na nane, kubwa kama mlango, ambalo kushoto kabisa na kulia kabisa lilikuwa bubu. Wateja walijaribu magauni yao wakiwa wamesimama kiubavuubavu kwa sababu yake. Asubuhi hiyo dada alikuwa amesema, bila kuinua macho kwenye cherehani:

"Mdogo wangu, jua likizama na hilo jeneza bado liko hapa, kona naipangisha kwa fundi simu. Utajua pa kwenda."

Na dada huyu akisema, amesema. Mtaalamu hakuwa na kona nyingine duniani. Basi alimpokea mama kwa kiti, maji ya kunywa na tabasamu la meno yote.

"Mwanangu, ndiyo kwanza najifunza, uzeeni huku," mama alisema akipangusa jasho. "Hiki aliniachia marehemu mume wangu. Nimeambiwa anayeanza, vitufe sitini na kimoja vinamtosha. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli tupu. Kwa hiyo Mtaalamu akaruka kama aliyekalia sindano.

"Nani kakufanyia ubaya huo? Mama, kinanda kinapimwa, kama kiatu!" Akachomoa utepe shingoni mwa dada yake, akatandaza vidole vya mama, akavipima kimoja kimoja huku akiguna kama daktari mwenye habari mbaya. "Mungu wangu. Hivi ni vidole vya themanini na nane. Ukiviweka kwenye sitini na kimoja vitadumaa."

Dada alikohoa. Cherehani ikaendelea.

"Vitadumaa!" Mama alijishika kifua. "Hebu basi nipigie hicho kikubwa nisikie."

Mtaalamu alijua wimbo mmoja tu, na wote ulikaa katikati. Ndiyo ilikuwa siri ya biashara yake: anayeanza huchezea katikati, na akija kufika pembeni, muuzaji ameshaisahau sura yake. Aliupiga kwa macho yaliyofumbwa na roho iliyojaa hisia. Mama akaikodolea macho mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa raha.

Kisha akafungua shuka. Kinanda kidogo kiling'aa, hakina hata mkwaruzo. Mtaalamu akaanza kupiga hesabu ya faida kichwani, maana kitu kama hicho kingegombewa kabla ya adhuhuri.

"Nacho tukisikie, mama."

"Mimi nitapiga nini, baba? Huwa nabonyeza hapa tu."

Akabonyeza kitufe kidogo cha juu, na muziki ukamwagika: ngoma, filimbi, zeze, kila kitu kwa mpigo. Wateja wawili wakaanza kutikisa mabega. Mtaalamu naye akatikisa yake, wala hakugusa kitufe kimoja, cheupe wala cheusi.

"Mama," alisema kwa sauti ya matanga, "huruma itaniua. Tubadilishane, kimoja kwa kimoja. Watu wataniita mwendawazimu, lakini vidole vyako vimenigusa."

Mama alimbariki, akamwita mwana wa tumbo lake, akaita wenye mkokoteni. Dubwana likatoka, na duka likapumua.

"Umeona?" Mtaalamu alimtambia dada. Akaketi kuupiga wimbo wake kwenye kile kidogo. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya. Akatambaa na vitufe vyote, kushoto hadi kulia, na hakuna kilichosema neno. Alipokigusa kile cha juu, ngoma na filimbi zikalipuka upya.

Alitimua mbio, utepe wa dada ukimpepea shingoni. Mkokoteni aliukuta mbele ya duka la dawa, umesimama kupisha magari.

"Mama! Kinanda chako kibovu! Vitufe vyote bubu!"

"Pole, baba. Na chako, ni vya pembeni tu, au kuna vingine?"

"Umejuaje?" Mtaalamu aliuliza, ameshika ukingo wa mkokoteni.

"Mtu mwenye kitanda kipana akilala ukingoni tu, ujue godoro lina jambo," mama alisema kwa upole. "Mimi nafundisha wanaoanza, mwanangu, miaka nenda miaka rudi. Mpaka wafike huko pembeni, nitakuwa nimeshapata fundi."

"Na marehemu?"

"Yuko nyumbani, anasogeza makochi."

Mtaalamu alirudi akijikokota. Aliumia kweli, maana hakuna kidonda kama cha mjanja aliyelizwa. Lakini njiani akajipa moyo: jeneza limeondoka, kona imepona.

Dukani alikuta watu wamejaa mpaka mlangoni. Kinanda kilikuwa kinaimba, wapita njia wanaingia kuchungulia, wakiingia wanashika vitambaa, na dada anapima viuno viwili kwa wakati mmoja, kwa kipande cha uzi.

"Dada, si umeona? Jeneza halipo. Ahadi ni ahadi."

Dada aliinua macho, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Ahadi ni ahadi. Fundi simu simpi kona." Akakipapasa kile kinanda kidogo mgongoni. "Nampa huyu. Analeta wateja, hadanganyi mtu, na akinichosha namzima."

Kisha akanyoosha mkono kudai utepe wake.