Kibali cha Kuoza

Wananchi walitangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna ganda la ndizi litakaloruhusiwa kuoza nyumbani bila kibali. Tangu enzi za mababu maganda yalikuwa yakijiozea ovyo, bila mpango kazi wala taarifa. Mkurugenzi wa Idara ya Mboji za Majumbani aliiandika kanuni kwa mkono wake: "Kitu chochote chenye unyevu, joto na minyoo ni lundo la mboji, liwe limekusudiwa au la." Maneno manne ya mwisho yalimkosha, akawa anawasomea hata wageni waliokuja kwa shughuli nyingine.

Kipimajoto alikabidhiwa Mkaguzi, mtumishi mwaminifu aliyekuwa akikaimu kazi hiyo mwaka wa sita. Barua ya kumthibitisha ilikuwa masijala, ikisubiri saini. Aliambiwa avute subira, naye akaivuta mpaka ikataka kukatika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Cherehani, fundi wa nguo aliyeacha kazi macho yalipochoka. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na lundo la maganda, majani makavu na majivu kidogo, limefunikwa gunia. Mkaguzi akachomeka kipimajoto.

"Mama, hili lina nyuzi hamsini na tano."

"Ndiyo linaiva hivyo. Mvua zinakaribia na miche yangu ya mchicha inalingoja. Udongo wa hapa ni kifusi kitupu, bila mboji sivuni hata jani."

"Na jana, Jumapili, lilikuwa na joto vilevile?"

"Kwani limeajiriwa, mwanangu?"

Mkaguzi akaandika: Lundo hufanya kazi siku za mapumziko.

Kisha akamweleza kwa upole. Ajaze fomu, nakala tatu, na uozaji usimame hadi atakapojibiwa. Siku kumi na nne zikipita bila kibali, mwenye lundo atalibeba mwenyewe kwa ndoo hadi kwenye bustani atakayochagua Mkaguzi. Kwa kawaida angechagua ya Mkurugenzi, maana alikuwa na mawaridi.

"Sheria ni msumeno, mama. Hukata mbele na nyuma."

"Huu wenu naona una meno upande mmoja," alisema Mama Cherehani, akaenda kutafuta miwani ajaze fomu.

Siku ya kumi na nne ikafika, jibu hakuna. Mkaguzi, kwa kuwa hakupenda kumwonea mtu, akaenda mwenyewe masijala kulitafuta ombi la mama. Bati la chumba kile lilikuwa likivuja tangu yeye anaanza kukaimu. Alipofungua mlango alipokewa na fukuto na harufu nzuri ya udongo. Mafaili yalikuwa yamelaliana hadi dirishani, meusi, laini. Kwa mazoea akachomeka kipimajoto. Nyuzi sitini.

Ombi la mama halikuonekana. Barua yake mwenyewe aliipata, au tuseme picha yake ndogo iliyobanwa juu yake, na mnyoo ukimpita kwenye paji la uso. Miaka sita. Iliuma, na hakuficha kwamba iliuma. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtumishi mwadilifu, akafungua daftari la makosa.

"Hizo ni nyaraka za serikali," alisema Mkurugenzi alipoletewa daftari.

"Zina unyevu, mheshimiwa. Zina joto. Zina minyoo."

"Lakini hatukukusudia."

Mkaguzi akamsomea yale maneno manne, polepole, kama Mkurugenzi mwenyewe alivyozoea kuwasomea wageni.

"Wewe unajua mimi ni nani?"

"Fomu ina nafasi ya kujaza hilo, mheshimiwa."

Mchana ule mtaa mzima ulitoka kumtazama Mkurugenzi akipita na ndoo, tai ameitupia begani. Bustani iliyochaguliwa haikuwa na mawaridi. Lundo la Mama Cherehani lilibaki palepale lilipo, kwa sababu Mkaguzi alithibitisha kimaandishi kwamba ombi lake lilipokelewa na kushughulikiwa kikamilifu, na minyoo.

"Tua pale kivulini, baba, usinikanyagie miche," alisema mama.

Mkurugenzi akatua ndoo ya thelathini na moja, akajifuta jasho.

"Sasa haya maombi ya wananchi tutayajibuje?"

Mama Cherehani akachota konzi moja, akaisogeza karibu na miwani.

"Ngoja mvua inyeshe, baba. Haya ya juu yameshaanza kuota."