Barua Yangu ya Kujiuzulu Umeme wa Jua

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nimedhalilishwa.

Wageni wametoka Litapunga kuja kujifunza jinsi sisi wanakijiji tunavyomiliki umeme wetu wa jua. Paneli arobaini, mashine ya kukoboa mpunga, friji ya zahanati. Hakuna bosi, hakuna mshahara, tunajitolea tu. Na nani kavaa ufunguo wa chumba cha betri shingoni miaka sita? Mimi, Ladislas, makamu mwenyekiti! Halafu nani kapewa kuwatembeza wageni? Ngusa! Msukuma wa juzi, aliyehamia hapa na ng'ombe wa baba yake, hana hata miaka miwili kwenye kamati. Wakampiga na picha. Mimi, Mama Romana mwenyekiti wetu kaniomba nikawatafutie wageni maji ya kunywa.

Maji! Mimi!

Jumanne, 3 Septemba

Dawa yao nimeipata. Mkutano mkuu ni Jumamosi na Mama Romana anang'atuka, anasema magoti yamechoka. Uenyekiti nautaka, na ni haki yangu, lakini watu wakikuzoea hawakuoni tena. Kwa hiyo najiuzulu. Watashtuka. Watakuja kunibembeleza. Nitakataa mara mbili, ya tatu nitakubali, kwa sharti kwamba niwe mwenyekiti. Ngusa arudi kwenye ng'ombe wake.

Mke wangu Lucia kauliza kwa nini nisiwaambie tu kwamba hiyo nafasi naitaka. Nikamwambia hajui siasa.

Barua nimempelekea Pudensiana, katibu. Nilitegemea angalau ashike kichwa. Kasoma, kavuta droo, kagonga mhuri: IMEPOKELEWA. Kisha kaniuliza kama nitahitaji nakala.

Jumatano, 4 Septemba

Nimechinja jogoo kwa ajili ya ujumbe utakaokuja kunibembeleza. Koti nimelivaa tangu saa mbili asubuhi, na jua hili la Septemba! Saa nne pikipiki ikasimama nje. Nikakaa vizuri, nikakunja uso. Kumbe jirani, anataka kuazima jembe.

Mpaka saa kumi, hola. Jogoo kaliwa na watoto. Mimi wameniachia shingo. Katika nyumba yangu mwenyewe, shingo!

Alhamisi, 5 Septemba

Wamekuja! Mama Romana, Pudensiana, na nyuma yao Ngusa, kofia mkononi.

Kabla hawajafungua mdomo nikawaambia uamuzi wangu ni wa mwisho. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ya kukataa. Mama Romana kasema wanaheshimu. Nikarudia, kwa sauti ya huzuni zaidi, nikaangalia na pembeni kidogo. Hiyo ya pili. Kasema, "Ndiyo, Baba Specioza, tumekuelewa, na ndiyo maana tumekuja." Wameunda kamati ya kuniaga. Sherehe Jumamosi, mkutano ukiisha. Ile ya tatu nikakosa pa kuiweka.

Si hayo tu. Pudensiana kaeleza kwamba anayefahamiana na mwenye spika kule Majimoto ni mimi peke yangu, basi wameona niingie kwenye kamati. Kamati ya kuniaga mimi! Nikasema sawa. Ningesema nini? Ngusa kaniita baba, kasema atatoa beberu.

Ijumaa, 6 Septemba

Majimoto kwenda na kurudi kwa pikipiki, kubeba spika za kuniagia. Vumbi mpaka kwenye meno. Lakini njiani nimewaza: kesho mbele ya watu wote hawataweza kujizuia. Watalia, wataniomba nisiondoke, na kipaza sauti kitakuwepo cha kukubalia. Roho imetulia.

Jumamosi, 7 Septemba

Sijawahi kuonewa namna hii tangu nizaliwe.

Kwanza uchaguzi. Ngusa, mwenyekiti, kwa kauli moja. Nami nilikuwa nimenyoosha mkono ili nionekane sina kinyongo.

Kisha Mama Romana kasimama kuniaga. Kasema wiki iliyopita alipita nyumba kwa nyumba na magoti yake yale, akiwaomba watu wanichague mimi. Wote walikubali. Ngusa mwenyewe ndiye aliyepaswa kunipendekeza. Hata siku ya wageni walimpa Ngusa awatembeze ili azoee kazi zangu, maana mimi nilikuwa napanda cheo. "Sasa barua ikaja. Mtu akisema kachoka, nyie mtamlazimisha?"

Jamani! Si mngeniambia! Nyumba kwa nyumba, na yangu mmeiruka?

Nikafungua mdomo niseme sijachoka. Msherehesha shughuli kaagiza nipigiwe makofi ya kilo. Yakapigwa, watoto wakaongeza yao. Kisha nikavua ufunguo shingoni na kumvisha Ngusa, spika nilizobeba mwenyewe zikilia nyuma yangu.

Zawadi: bakora. Nina miaka arobaini na tisa! Ngusa kaichonga kwa mikono yake, na wakati wa kunikabidhi kalia. Kalia kweli, na hilo ndilo limeniudhi kuliko yote.

Nimefika nyumbani nikapapasa kifua, hakuna kitu. Imeniuma sana.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekaa nimechambua, kosa nimeliona. Barua ilikuwa fupi. Mistari mitano! Nani atambembeleza mtu wa mistari mitano?

Ni vizuri nimelijua mapema, kwa sababu leo kwenye misa mwalimu wa kwaya kampa Gaudensi aongoze wimbo wa sadaka. Gaudensi! Na mimi nimesimama pale, besi ya miaka kumi na moja, kama nguzo ya kanisa.

Barua ya kujiuzulu kwaya nimeimaliza sasa hivi. Kurasa nne, na ule wa mwisho wote ni masikitiko. Naipeleka kesho asubuhi, wapate wiki nzima ya kunibembeleza.