Matangani Hakuagwi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Blogu yangu, Phanice Hatulii, imetimiza miaka sita. Inamzidi mwanangu Valary kidogo. Niliianza nikiwa na mimba yake. Safari na mitindo! Wasomaji wanadhani nina bwana tajiri. Hapa daftarini nasema kweli: sina bwana wa aina yoyote. Nafua nguo za watu Gatina, nalala Lindi, mtaa mwingine wa hapa Nairobi, mgongo unauma.

Siri ya safari ni matanga. Mtu wetu akifa Nairobi lazima arudishwe kwao, na basi la msiba halikosi kiti cha mama anayelia vizuri. Mimi nalia vizuri. Ndiyo maana nimeona Homa Bay, nimeona Kakamega na lile jiwe linalolia, yote kwa kusindikiza watu nisiowajua. Siri ya mitindo nayo: nguo ya mteja ikikauka mapema, haitaumia ikivaliwa kidogo.

Nimekaa niandike maneno mazuri ya miaka sita. Nikapitia picha zote. Jambo ambalo sikuwahi kuliona: kila picha mimi natabasamu, na nyuma kabisa kuna watu wamenipa mgongo. Wengi. Wote wameinama wakiangalia kitu kimoja.

Ni kaburi. Wangeangalia nini kingine?

Jumamosi tulimzika Wanzala, fundi viatu wa Gatina, kwao Port Victoria. Sikuwahi kumwona akiwa hai. Nikapiga picha kando ya ziwa nikiwa na gauni jekundu la mteja wangu Celine. Moto! Halafu video ya mwisho pale kaburini, udongo bado mbichi. Nikapunga mkono, nikasema kwaheri mzee, Nairobi ni karibu, tutaonana!

Watu wameipenda kuliko zote.

Jumanne, 10 Juni

Jirani yangu Mama Rosebella ameiona. Hakucheka. Aliniuliza kama nimerogwa ama nimezaliwa jana. Kwao Ugenya, na hata kwetu, matangani hakuagwi! Unainuka kimya, unaenda, hata kama umekaa na mama yako mzazi. Anayeaga ameacha mlango wazi. Na wewe hukuaga tu, akasema, wewe ulimkaribisha mtu, na mji ukamtajia.

Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Akasema sawa mzungu, endelea kufua.

Valary akarudi kutoka shule. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefungua mdomo tangu shule ifunguliwe. Leo kimefungwa. Kimeshonwa kwa uzi mweusi wa nta, mishono midogo kama mchele. Nikauliza ni nani. Akasema ni babu wa hapo nje.

Hapo nje kuna ukuta.

Lakini hiyo mishono, jamani! Safi kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Wazo limenijia nikisuuza mashuka. Kama anashona, ashone!

Asubuhi niliacha viatu vyangu vya visigino kizingitini nikaenda kazi. Kurudi mchana, vimekaa sawa, vimepakwa rangi, vinang'aa. Nikaweka na mkoba uliokatika kamba. Nikawatangazia majirani wa ploti nzima kwamba nina fundi, bei nafuu, habagui. Kabla ya jioni kizingiti changu kilikuwa kama duka la Bata.

Mama Rosebella alifuata sandali zake, mumewe akiwa ndiye aliyezileta. Alizichukua kwa kijiti, kama mtu anayetoa panya. Akaniuliza huyo fundi wangu analipwa nini. Nikamwambia hajaomba kitu. Akasema fundi asiyeomba kitu ameshachagua.

Mdomo mbaya tu, huyu mama.

Ila saa sita, jua likiwa kichwani, hapo mlangoni pana baridi. Panasikika harufu ya gundi, na ya samaki wa ziwa. Kuku wa jirani wakifika hapo wanazunguka mbali, kila mmoja, kama kuna mtu amenyoosha miguu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetoka kuanika, nikamkuta Valary ameketi kizingitini, mguu peku juu ya kipande cha boksi. Ametulia. Valary hatulii hata akisukwa nywele! Kuuzunguka mguu kuna mstari wa penseli, umepinda vizuri kila kidole. Na penseli sikuiona.

Nikauliza ni mchezo gani. Akasema babu anampima, anamtengenezea viatu vipya. Nikasema asante, vya shule? Akasema hapana mama, vya safari. Akasema babu anajua uko na kazi mingi, na ulishasema mtaonana, kwa hivyo si lazima uende wewe. Ataenda na mimi.

Nilichoma boksi. Wateja wote niliwarudishia viatu vyao, wengine nikiwatupia. Kisha nikamshika mtoto wangu mabega, nikamwambia kwa ile sauti yangu isiyo na mjadala: hakuna safari. Akalia. Akasema wewe husafiri kila siku mbona. Nikambeba mgongoni kama bado ni mchanga, nikafua hivyo hivyo naye, mpaka akasinzia. Nywele zake zilinuka gundi.

Nikaenda kumpigia Mama Rosebella magoti. Hakunicheka, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema kuna njia moja. Rudi ulikoagia. Keti. Inuka bila neno la kwaheri. Na ukiitwa, usigeuke. Hata uitwe na nani.

Ijumaa, 13 Juni

Kamati ya msiba inapeleka vyombo vya kazi vya Wanzala kwao kesho. Bahati iliyoje! Nikakimbia Gatina kwa mwenyekiti, Mzee Shivachi, machozi yakiwa tayari.

Akanipa simu yake. Mimi huyo, ziwani, gauni jekundu.

Akaniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikasema mjomba. Akasema ajabu, maana Wanzala alikuwa mjomba wake yeye, basi mimi na yeye ni ndugu, na mbona mama yake hakumwambia kitu. Akasogeza picha. Mjomba Homa Bay. Mjomba Kakamega. Akasema mama, wajomba wako wanakufa kama kumbikumbi!

Aliyemwonyesha ni binti yake, Celine huyo huyo, ambaye naye ana blogu, ya msitu wa Karura tu na mikahawa ya Westlands. Alikuwa pale kwenye kochi akila tikitimaji. Alilijua gauni lake kwa zipu. Akasema yuko tayari kumbembeleza babake nipewe kiti, kwa sharti moja. Phanice Hatulii ifutwe. Yote. Mbele yake, sasa hivi.

Miaka sita! Nilipiga picha nikiwa na tumbo, nikanyonyesha nikiandika, nikaandika mtoto akiwa na surua juu ya paja. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kuanza na kisife.

Nikafikiria ule mguu juu ya boksi. Nikafuta.

Picha zilikwenda moja moja, kutoka ya kwanza mpaka ya juzi. Celine aliinama aone vizuri, halafu akaacha kutafuna. Katika zile za mwisho, watu wa nyuma hawakuwa wamenipa mgongo tena. Walikuwa wamegeuka. Wote wanaangalia kamera.

Celine alimwambia babake kwa sauti ndogo, baba, mpe huyu dada kiti.

Jumapili, 15 Juni

Tumerudi.

Nilimwacha Valary kwa Mama Rosebella. Nilikwenda na leso yangu ya nyumbani, bila rangi ya mdomo. Saa sita mchana nikaketi kando ya kaburi. Upepo hakuna, ndege hakuna, ziwa limelala kama sahani. Nilitaka kueleza kwamba sikujua, kwamba ni maneno tu ya blogu. Nikaona maneno ndiyo yamenifikisha hapa. Nikasema moja tu: mtoto haendi. Hiyo si kuaga, hiyo ni taarifa.

Nikainuka.

Nyuma yangu nikasikia nyundo ndogo ikigonga soli. Ko. Ko. Ko. Taratibu, kama mtu asiye na haraka. Nikatembea. Ikanyamaza. Halafu sauti ya Valary, karibu kabisa, ile ya asubuhi akichelewa shule: mama ningoje, bado kiatu kimoja.

Valary alikuwa Lindi. Najua alikuwa Lindi. Kuna mama ataniambia angefanya nini hapo? Shingo yangu ilitaka kugeuka yenyewe. Niliishika. Kwa mikono yote miwili nilikishika kichwa kama mtungi, nikatembea mpaka kwenye gari, na vile viatu vyangu vya visigino vyote viwili vikabaki kwenye matope.

Shivachi aliniona nikilia bila sauti. Akanipisha kiti cha mbele. Akasema huko nyuma yalikuwa maigizo, leo ndio umelia.

Kufika Lindi, Valary alikuwa akiruka kamba peku, kelele nyingi, uchafu mpaka magotini. Nikamwuliza habari za babu. Akauliza babu gani? Nikanusa nywele zake. Vumbi, na mafuta ya nazi. Nikamkumbatia mpaka akalalamika namkata pumzi.

Mungu ni shahidi: sipandi basi la msiba tena. Na blogu sitaki hata kuisikia.

Jumanne, 17 Juni

Nimefungua blogu mpya. Ni ndogo. Ina picha moja ya sufuria. Inaitwa Mama Valary Njiani, lakini hilo ni jina tu.

Habari nyingine ni ya kusikitisha. Phanuel, bawabu wa zile nyumba ninazofulia, mtu mpole, amelazwa kitandani wiki ya pili. Nilimpelekea uji wa wimbi. Amekonda, macho yameingia ndani. Nilimwombea apone, na niliomba kwa nguvu, mpaka nikatoka jasho. Nikamfunika vizuri blanketi. Nikamwuliza kwao ni wapi. Kwa ubinadamu tu.

Mlima Elgon! Juu kabisa, akasema, kuna mapango, na ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba.

Sijawahi kufika Elgon.

Alifumba macho akapumzika. Nikamsubiri. Alipoyafumbua nikamwuliza, kwa upole, huko mwezi wa saba mtu huvaa nini.