Tepe Kumi na Sita za Mwalimu Edwin

Aliyenisimulia haya ni tapeli mwenyewe, mwaka jana mwezi wa kumi na moja, amefunga aproni na mikono imo kwenye chumvi, akinisaidia kugeuza kabichi za kimchi, achari yetu ya majira ya baridi. Maneno ya tapeli huchujwa kama tui. Nimechuja, machicha nimetupa.

Jina lake Tak Gi-cheol. Mchana mmoja alikuwa kwenye duka la tambi baridi, hapa mjini Daegu, Korea, akinywa mchuzi wa bure. Tawi la benki la ng'ambo ya barabara lilikuwa limefungwa, na wafanyakazi wake ishirini na wawili, wote wamepita hamsini, wameinamia mabakuli wasiyoyagusa. Kila mmoja ana kiinua mgongo chake, na hana pa kwenda Jumatatu. Tapeli akiona uso wa huzuni, haulilii. Anaupima.

Gi-cheol naye alihitaji kazi mpya, maana ile ya zamani ilishanuka. Akapaka nywele rangi, akavaa miwani isiyo na vioo, akafungua ukurasa kwenye simu: "Mwalimu Edwin, Mkunga wa Wanaozaliwa Upya Kazini." Chumba akakodi ghorofani, juu ya lile lile duka la tambi. Ukilitafuta jina Tak kwenye simu, malalamiko yanamwagika kama mtama. Ukimtafuta Edwin, unakutana na mtu safi anayetazama mbali. Usafi huo ndio ulikuwa mtaji wake wote.

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Bwana Ma, aliyekuwa naibu meneja, ambaye sasa analinda maegesho ya magari.

"Usiseme benki imekufukuza," Mwalimu alimwambia. "Andika kwamba umeipa benki uhuru."

"Na maegesho?"

"Maegesho gani? Wewe ni Mshauri wa Mwendo wa Mjini."

Bwana Ma alifikiri. "Mke wangu anajua nalinda magari."

"Mkeo ana ukurasa kwenye simu?"

"Hana."

"Basi hajui kitu."

Baada ya wiki tatu wote ishirini na wawili walikuwa washauri wa kitu fulani, mikunjo yao imefutwa picha kwa picha. Wakakubali kujiunga na chuo alichotaka kufungua pale ghorofani, na kiinua mgongo wakilete siku ya ufunguzi.

Ila palibaki jambo moja. Kwetu, biashara inayofunguliwa bila mashada mlangoni ni kama bwana harusi asiye na ndugu. Lazima yasimame yale mashada marefu kuliko mtu, kila moja na utepe wa pongezi na jina la aliyelituma. Gi-cheol hakujuana na mkubwa yeyote. Waliomjua, aliomba Mungu wasimwone.

Ndipo akapanda Mama Pyo Sun-im, umri sitini na minane, akipumua kila ngazi.

"Mwalimu, nimeandika tepe za mashada kwa brashi miaka thelathini. Sasa mashine inaandika. Nataka nizaliwe upya na mimi."

Moyo wa tapeli ulicheza ngoma. Akaushika mkono wa mama, akaupigapiga mara tatu. "Mama yangu, umefika kwako. Sitakutoza hata senti. Wewe niandikie tepe za siku yangu, nami nitakutengenezea ukurasa."

Mama Pyo aliutazama ule mkono kwa muda. "Mimi uongo siandiki, mwanangu. Kila utepe utakuwa na jina la mtu wa kweli, na maneno yake mwenyewe."

"Unao watu wa kutuma?"

"Kumi na sita. Wanakujua vizuri. Shukrani zao kwako hazina mfano."

Gi-cheol akaona ni wafuasi wake wa kwenye simu, akavimba kama andazi. "Basi tepe zije zimekunjwa. Tutazikunjua mbele ya kamera, watu wote wanatazama. Wa kwenye simu wanapenda kufunuliwa kitu."

"Wazo hilo ni lako?"

"Langu mwenyewe."

"Litakufaa," alisema mama.

Akampiga picha na brashi, akailainisha, akaandika juu yake: "Mama Utepe, Neno Moja la Kweli."

Mama aliitazama. "Huyu ni mjukuu wangu?"

"Ni wewe, mama. Kabla ya maisha."

Siku ya ufunguzi lori lilishusha mashada kumi na sita, maua mabichi, si yale ya kuokota kwenye kumbi za harusi. Ishirini na wawili walisimama kwenye ngazi, bahasha za kiinua mgongo mikononi. Simu ikawashwa. Mwalimu akampa Bwana Ma heshima ya kusoma, naye akakunjua na kusoma kwa ile sauti ya kutangaza riba.

"'Nimelala juu ya godoro lako la sumaku miezi sita. Mgongo wangu sasa unaelekea kaskazini. Gwak Bok-nyeo, ghorofa ya nne.'"

Mtu alikohoa.

"'Daktari Tak, ulitukusanya wazee ukumbini, ukatuimbisha, ukatupa karatasi za chooni bure, kisha ukatuuzia magodoro. Karatasi zilikuwa nzuri. Dada Seok.'"

"Huo umekosewa anwani," alisema Mwalimu.

Bwana Ma hakuacha. Miaka thelathini benki, hajawahi kuacha tangazo katikati. Alisoma zote mpaka wa mwisho: "'Hongera kwa sura mpya. Ya zamani ninayo, imechapwa kwenye kadi ya dhamana ya godoro. Pyo Sun-im.'"

Mama akaiinua kadi mbele ya kamera. Gi-cheol huyo, koti jeupe la daktari, anatabasamu.

"Nywele ulipaka, mwanangu," alisema mama bila kupandisha sauti. "Lakini mkono ulinipigapiga mara tatu. Hivyo hivyo ulivyofanya siku uliyoniuzia godoro."

Bahasha zilirudi mifukoni kwa mpigo mmoja. Bwana Ma akasogea kwa Mama Pyo, akanong'ona, "Mama, hizi tepe unawaandikia watu binafsi? Nina meneja wangu wa zamani."

"Hata mimi ninaye," alisema mwingine nyuma yake.

Foleni ikaundwa pale pale. Kwenye simu, wafuasi wa Mama Utepe walikuwa wakipanda kama maziwa motoni. Kati ya wote, ndiye pekee mkunga huyu aliyemzalisha kweli.

"Mwalimu, asante," alisema mama akishuka. "Lori bado lina vitu vyako."

Lilikuwa na magodoro kumi na sita, yamerudishwa na waliouziwa. Yalijaza chumba, yakajaza ngazi, na la mwisho likaziba mlango wa chini. Ilipofika saa tisa mchana Gi-cheol alikuwa peke yake ndani, hana pa kupita. Akalitafuta jina Edwin kwenye simu. Sura zake mbili zilitokea zimekaa bega kwa bega, kama pacha. Akaizima.

Akapanda juu ya godoro la karibu. Lilikuwa gumu kama alivyoambiwa na watu kumi na sita. Akageuka huku, akageuka kule, akaelekea kaskazini, akalala.